Mama mkwe anataka posa irudi kwa sababu mdogo wangu anaumwa akili

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Newala. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, anaumwa skizofrenia, mwaka wa tatu sasa. Anachomwa sindano kila mwezi hospitali. Mimi nimeposwa, lakini mama wa mchumba wangu kasikia habari zake, anasema kwetu kuna damu ya wazimu na anataka posa irudi. Halafu kuna jamaa wa Masasi anauza dawa ya chupa, 85,000. Anasema wazungu wameshathibitisha kuwa ugonjwa huu ni uvimbe wa ubongo, na sindano ndizo zinazomtia sumu, tuziache kwanza. Mama kasadiki, maana mdogo wangu siku hizi anatetemeka mpaka uji unamwagika kikombeni, na mate yanamtoka. Je, nitazaa watoto wagonjwa? Na huyu jamaa anasema kweli?"

Marahaba mwanangu.

Nianze na chupa. Posa inaweza kungoja, sindano haingoji.

Jamaa wa Masasi kashika ncha ya jambo la kweli, ndiyo maana maneno yake yanaingia. Ni miaka mingi sasa wanasayansi wanachunguza inflamesheni kwenye skizofrenia, ndiyo hiyo anayoiita uvimbe, yaani ile hali ya kinga ya mwili kuwaka, kama kidonda kinapokuwa chekundu na cha moto. Kwenye damu ya baadhi ya wagonjwa, hasa mwanzoni mwa ugonjwa, vipimo vya hali hiyo hukutwa viko juu. Baadhi, si wote. Na vipimo hivyohivyo hupanda kwa sigara, kwa unene, kwa malaria. Ikabidi wajaribu dawa. Uingereza waliwapa wagonjwa zaidi ya 200 minosaiklini, dawa ya bakteria ambayo pia hutuliza inflamesheni, wakawafuatilia mwaka mzima. Majibu yalitoka 2018: haikuwasaidia kuliko vidonge vitupu visivyo na dawa. Na hao wagonjwa hawakuambiwa waache dawa zao za kawaida. Minosaiklini iliongezwa juu ya hizo. Sasa muulize huyo jamaa, yeye kapata wapi ruhusa ya kuacha?

Kuacha kuna hesabu yake. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zinaonesha kuwa ndani ya takriban mwaka mmoja, wagonjwa 64 kati ya 100 waliokatishwa dawa walirudiwa na ugonjwa. Kwa walioendelea nazo, waliorudiwa walikuwa 27 kati ya 100. Nyie mlioishi naye mwaka ule wa kwanza mnajua neno "kurudiwa" lina maana gani ndani ya nyumba, siwafundishi.

Ila mama yako hajakosea macho. Kutetemeka, kukakamaa na kutokwa mate ni madhara yanayojulikana ya baadhi ya sindano hizi. Hiyo si sumu na haina maana dawa imeshindwa. Ina maana dozi au aina ya dawa itazamwe upya. Mwende naye mapema kabla ya tarehe, mumwambie muuguzi hilohilo la uji kumwagika, kwa maneno hayohayo. Kuna dawa ya kutuliza mtetemeko, kuna kupunguza dozi, kuna kubadilisha. Wakishindwa hapo, waombeni rufaa ya kwenda hospitali ya Ligula, Mtwara. Wagonjwa wengi huacha dawa kwa sababu ya madhara ambayo hakuna aliyewauliza. Hilo linaniudhi kuliko huyo muuza chupa.

Tuje kwa mama mkwe. Kusema kweli, ugonjwa huu hutembea kwenye ukoo, tusimdanganye. Ila hautembei anavyodhani yeye. Hakuna jeni moja ya skizofrenia. Utafiti mkubwa wa 2022 ulitaja maeneo 287 kwenye vinasaba, na karibu kila moja huongeza hatari kwa kiasi kidogo mno. Wengi wetu tunabeba kadhaa, yeye pia. Mojawapo, C4, lilielezwa 2016 na watafiti wa Boston. Ni jeni ya kinga: kazi yake ni kutia alama vijidudu ili viliwe. Kwenye ubongo hutia alama miunganiko ya seli inayopaswa kuondolewa kijana anapokua, kama unavyopogoa mkorosho upate kuzaa. Aina fulani za jeni hiyo huenda zinapogoa kupita kiasi. Hapo ndipo kinga na urithi vinapokutana, na hiyo ndiyo ncha aliyoishika jamaa wako. Lakini hata wanaobeba aina hizo, walio wengi hawaumwi kamwe.

Chukua mapacha wanaofanana kabisa, vinasaba ni vilevile. Mmoja akiumwa, mwenzake hupata karibu nusu ya mara tu. Kwa watu wote kwa jumla ni kama 1 kati ya 100. Kwa ndugu wa tumbo moja, kama 9. Kwa watoto wa ndugu wa mgonjwa, yaani wanao, takwimu zilizokusanywa Ulaya zinasema kama 4. Maana yake 96 hawapati. Wewe mwenyewe, miaka 29 na mzima, sehemu ya umri wa hatari umeshaipita.

Yapo ya kufanya. Ukishika mimba, kliniki mapema, chandarua na vidonge vya kinga ya malaria, kwa sababu maambukizi makali ya mama yamehusishwa na ongezeko dogo la hatari kwa mtoto. Watoto wakibalehe, bangi iwe mbali nao kuliko ilivyo mbali na watoto wa jirani. Kwa ukoo wenye mgonjwa, bangi ya utotoni si mchezo.

Sasa namna ya kusema. Usiende wewe kubishana na mama mkwe. Mchumba wako kwanza, mkae wawili, umpe hesabu hizo zote, 9 na 4, usifiche hata moja. Akiwa yuko nawe, mshenga aliyeleta posa ndiye apeleke maneno kwao. Mchumba akisita baada ya kusikia, mpe muda. Akikimbia, basi angekimbia pia siku wewe unalazwa na homa. Na huyo mama, ukoo wake usio na mgonjwa yeyote ningependa sana kuuona.

Chupa, kama imekwishanunuliwa, msimpe mgonjwa. Ichukueni mkamwoneshe daktari siku mtakayokwenda, ajue kama kuna alichokwisha kunywa.