Re: Mgonjwa wa pumu kubanwa kifua kwenye kiti cha meno
Mkuu, umeuliza kama mgonjwa wa pumu akibanwa kifua katikati ya kuziba jino alazwe chali. Usimlaze! Acha kazi, toa pamba na kila kilichomo mdomoni, mnyanyue akae wima. Mpe salbutamol ya kuvuta (dawa ya kufungua njia za hewa), ikiwezekana kwa spesa, yaani chombo cha plastiki kinachowekwa kati ya inhela (kichupa cha kupulizia dawa) na mdomo: mpulizo mmoja mmoja, auvute kwanza ndipo umpe mwingine, hata kufika 10. Oksijeni lita 15 kwa dakika. Akishindwa kumaliza sentensi, ita gari la wagonjwa huku ukiendelea. Midomo ikivimba na ngozi kutoka vipele, shuku mzio mkali: mchome sindano ya adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, kwa mtu mzima. Halafu inhela ya mgonjwa ikae mezani kwako, siyo kwenye mkoba ulioachwa mapokezi.