Maswali na Majibu: Zebaki ya Jinoni na Zebaki ya Sakafuni

Barua nyingi safari hii zinauliza juu ya amalgamu, yale madini ya kijivu ya kuzibia meno. Nimechagua hizi.

Gego langu limezibwa kwa madini. Jirani kaniambia mna zebaki ndani na itaniua polepole. Nikaling'oe? (Jang'ombe)

Swali hili nimelijibu mara nyingi, naomba leo lisomwe mpaka mwisho. Ndiyo, zebaki imo, tena ni karibu nusu ya uzito wote. Nusu ya pili ni unga wa fedha, bati na shaba, na pengine zinki kidogo. Vikichanganywa, zebaki huingiana na unga ule, mchanganyiko ukawa laini kwa dakika chache, daktari akaushindilia tunduni, kisha ukaganda. Ukishaganda, zebaki hiyo imefungika na metali nyengine, haitiririki tena. Mvuke mdogo sana hutoka unapotafuna au unaposaga meno usingizini, lakini kwa watu wazima kwa jumla utafiti wa miaka mingi haujaonyesha kuwa kiasi hicho kinawadhuru. Mwenye mzio wa zebaki ni habari nyengine, na hao ni wachache.

Unapokichimbua kizibo ndipo mvuke unapotoka kwa wingi. Kwa hivyo kikiwa kizima, hakina ufa wala uozo pembeni, kiache. Anayekushawishi uvitoe vizibo vizima ili "usafishe damu" anakutia khasara, na anakuvutisha mvuke ambao usingeuvuta. Kikiwa kibovu na lazima kitoke, daktari akikate mapande makubwa huku akimwaga maji na kuvuta kwa mashine yenye nguvu. Kumng'oa jino mtu kwa sababu ya maneno ya jirani, hapana.

Daktari alinizibia jino kwa madini, akaniambia nisitafunie upande ule mpaka kesho. Usiku nikala mishkaki, pembe ikameguka. Kosa la nani? (Mwanakwerekwe)

Lako. Amalgamu huchukua kiasi cha saa 24 kufikia nguvu zake. Ikishakomaa huvumilia mkandamizo mkubwa, ndiyo maana ikapendwa kwa magego, lakini ukingo wake ukiwa mwembamba au mbichi humeguka. Tena haishikamani na jino lenyewe. Hushikiliwa na umbo la tundu lililochongwa. Rudi wiki hii, kabla chakula hakijaingia chini yake.

Nitapigwa picha ya MRI. Jino langu halitavutwa? (Kiembesamaki)

Halitavutwa. Mashine ile hufanya kazi kwa sumaku kali, na amalgamu haishikwi na sumaku. Mwambie mpiga picha tu kwamba unacho kizibo.

Kizibo kinazuia josho la janaba? (Mkoani)

Hukumu muulize sheikh wako. La kwangu ni kwamba hakitoki bila ya kuchimbwa, kwa hivyo usijaribu kukitoa.

Mwanangu anajifunza kazi katika kliniki ya meno. Kichupa cha zamani cha zebaki kilianguka kikapasuka, akaambiwa afagie. Tangu siku hiyo kichwa kinamuuma. (Wete)

Bibi, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike leo. Watu wanaogopa zebaki iliyoganda jinoni, hii iliyo huru wanaifagia kwa ufagio.

Zebaki huanza kutoa mvuke kwa joto la kawaida la chumba, sembuse joto letu. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Tone la zebaki ukilimeza, tumbo karibu halilichukui kabisa. Lakini mvuke wake ukiuvuta, takriban asilimia 80 hubaki mwilini kupitia mapafu. Ufagio huyapasua matone yakawa vidogo vidogo, yakaingia nyufani, na yatatoa mvuke humo kwa muda mrefu. Mashine ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi, kwani huupuliza mvuke chumba kizima.

Siku hiyo ilitakiwa hivi. Watu watoke, hasa wajawazito na watoto. Kiyoyozi kizimwe, madirisha ya nje yafunguliwe, mlango wa ndani ufungwe. Anayesafisha avae glavu na avue pete, maana zebaki huila dhahabu. Ayasukume matone kwa kadi ngumu mpaka yakutane, ayavute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na vile vidogo avinase kwa utepe wenye gundi. Tochi ikimulikwa kwa ubavu, matone hung'ara. Vyote viingie katika chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kubana, pamoja na glavu. Mkeka uliomwagikiwa usirudi kutumika, na nguo zilizoguswa zisitiwe mashine ya kufulia.

Mwanao apelekwe hospitali na aseme wazi kwamba alivuta mvuke wa zebaki. Maumivu ya kichwa yana sababu nyingi, lakini daktari hawezi kulifikiria asiloambiwa. Mikono ikianza kutetemeka, usingizi ukipotea au fizi zikivimba, asisubiri.

Naongeza ambalo hukuliuliza: kichupa kile hakikuwa na kazi pale. Amalgamu siku hizi huja katika kapsuli iliyopimwa, zebaki na unga vikitenganishwa na utando, na mashine huitikisa bila ya mkono kugusa kitu. Mwaka 2022 nchi za Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana madaktari wa meno wasitumie tena zebaki ya chupani. Mwenye kliniki aliyebaki nayo awaulize wasimamizi wa mazingira namna ya kuikabidhi, asiifiche kabatini.

Nina mimba ya miezi minne na jino limetoboka. Nizibwe kwa madini? (Fuoni)

Hapana, omba kizibo cheupe. Makubaliano hayo hayo ya 2022 yanataka amalgamu isitumiwe kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka 15, ila daktari akiona hapana budi. Lakini usiache jino lioze ukisubiri kujifungua. Na vizibo ulivyonavyo tangu zamani usiviguse sasa.

Bibie, nikuulize na mimi: unapaka mkorogo? Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zimekutwa na zebaki. Hupita ngozini, huumiza figo, humfikia mtoto tumboni, na hushika mataulo na mito ambayo wenzako wa nyumbani wanaitumia. Mkebe usioandika viungo vyake utupe. Punguza pia papa, nduaro na jodari mkubwa mpaka umalize kunyonyesha. Samaki wakubwa hukusanya zebaki ya baharini. Dagaa kula.

Natia mafuta ya karafuu jinoni na maumivu yanapoa. Kuna haja ya daktari? (Chake Chake)

Ipo. Karafuu ina yujenoli, kiini chake kinachopoza maumivu, na dawa hiyo hiyo huchanganywa na unga wa oksidi ya zinki kutengeneza kizibo cha muda, kwa hivyo Wapemba hawakukosea kuiamini. Lakini inapoza tu, uozo unaendelea, na mafuta yasiyozimuliwa huunguza fizi. Jambo ambalo wengi hawalijui: yujenoli huzuia kizibo cheupe cha kompositi kuganda sawasawa. Ukienda kuzibwa, mwambie daktari kwamba umetia karafuu.

Mabaki ya amalgamu nayachoma pamoja na taka nyengine za kliniki. Nakosea? (mwenye kliniki, Mjini)

Unakosea sana. Moto huirudisha zebaki kuwa mvuke, mvuke hushuka na mvua, na baharini vijidudu huigeuza zebaki ya methili, ile iliyowaangamiza walaji samaki wa Minamata, Japani, maradhi yakagunduliwa 1956. Sisi hapa tunaishi kwa samaki. Mabaki, kapsuli tupu na meno yaliyong'olewa yakiwa na amalgamu yakae katika chombo kisichopitisha hewa, yasichomwe wala yasitiwe kwenye mashine ya kuchemshia vyombo. Weka kichujio kwenye bomba la kiti, na usisafishe mabomba kwa dawa ya klorini, kwani huiyeyusha zebaki iende na maji machafu.

Amalgamu itaondoshwa lini? (Bububu)

Novemba 2025, mjini Geneva, nchi za mkataba zilikubaliana matumizi yake yakome ifikapo 2034. Badala yake yapo, na moja lina historia kwetu: njia iitwayo ART, ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, bila ya umeme, kisha kuziba kwa saruji ya meno iitwayo glasi ayonoma, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980. Kwa mtoto wa skuli mwenye tundu dogo, iombe hiyo kwa jina.