Maswali ya Wasomaji: Sehemu za Kuangalia na za Kuruka katika Star Trek

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeanza kuangalia Star Trek: The Next Generation, ile tamthilia ya televisheni ya wasafiri wa anga za juu, tangu mwanzo, lakini msimu wa 1 umenishinda. Niache kabisa au niruke?

JIBU: Ruka, usiache. Misimu ni 7, kuanzia 1987 hadi 1994, na wa kwanza ndio dhaifu kuliko yote. Anza na "The Measure of a Man", sehemu ya 9 ya msimu wa 2. Mwanasayansi Maddox anataka kumfungua Data, afisa ambaye ni roboti mwenye umbo la mtu, achunguze ubongo wake. Data anagoma, na shauri linafika mbele ya hakimu. Riker, rafiki yake na afisa mwenzake melini, analazimishwa kusimama upande wa mashtaka. Akizembea, Data atatangazwa kuwa mali tu. Mwangalie Riker anapopekua michoro ya kiufundi na kukuta mahali ilipo swichi ya kumzima Data. Anatabasamu kwa kupata ushahidi, kisha tabasamu linamtoka anapokumbuka utamwangamiza nani. Sehemu nzima haina vita, na ni miongoni mwa bora za tamthilia yote.

SWALI: "Cause and Effect" inarudia matukio yaleyale mara kadhaa. Hii si njia ya waandaaji kubana matumizi?

JIBU: Hapana. Sehemu hii (msimu wa 5, 1992) inahusu meli yao ya anga iliyonaswa katika mzunguko wa wakati: inalipuka, siku inaanza upya. Mwongozaji Jonathan Frakes, ambaye ndiye mwigizaji wa Riker, hakubandika tena picha za mzunguko wa kwanza. Alirekodi upya, akibadilisha mahali pa kamera. Fuatilia meza ya karata. Mwanzoni wanacheza kawaida, baadaye Daktari Crusher anazitaja karata kabla Data hajazigawa, na mwishoni namba 3 inaanza kujitokeza kila mahali. Huo ni ujumbe ambao Data amejitumia kutoka mzunguko uliotangulia. Ajali inapokaribia kuna mapendekezo mawili, la Data na la Riker. Data anatupa jicho kwenye kola ya Riker, anaona alama tatu za cheo, anafuata la Riker. Kila kidokezo kilishawekwa mbele ya mtazamaji, ndiyo maana marudio hayachoshi ukijua cha kutafuta.

Kubana matumizi kwa kweli kuko kwenye "Shades of Gray", iliyofunga msimu wa 2 mwaka 1989. Bajeti ilikuwa imekauka, ikarekodiwa kwa siku 3 hivi. Riker amelala kitandani akiugua, na "kumbukumbu" zake ni vipande vya sehemu zilizopita. Hakuna anayelazimika kuchagua jambo lolote gumu, kwa hiyo hakuna hadithi. Hiyo iruke bila wasiwasi.

SWALI: Mbona sehemu ya pili ya "The Best of Both Worlds" inapoa?

JIBU: Lawama hiyo ni ya haki kwa kiasi. Ya kwanza, iliyofunga msimu wa 3 mwaka 1990, inaishia Riker akiamuru kuishambulia meli ambamo nahodha wake Picard amegeuzwa kuwa mmoja wa maadui, Wabogi (Borg), viumbe nusu mtu nusu mashine wenye akili zilizounganishwa pamoja. Mwandishi Michael Piller aliiandika kabla ya kujua angeimaliza vipi, na inaonekana: katika ya pili Wabogi wanashindwa kwa amri moja tu ya kulala, inayopitishwa kwenye ubongo wa Picard. Baada ya tishio kubwa kiasi kile, ni ushindi wa chee.

Lakini wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosa. Uzito wa yaliyompata Picard umo katika inayofuata, "Family". Amerudi Ufaransa kwenye shamba la mizabibu la kaka yake Robert. Wanagombana, wanapigana hadi wanagaragara matopeni, na humo ndimo nahodha anapoangua kilio na kukiri kwamba hakuwa na nguvu ya kuwazuia. Ziangalie zote tatu mfululizo, ikiwezekana siku moja.