Akisema "Nimeona", Usikubali Haraka: Kwa Wapya wa Klabu ya Anga

Wadogo zangu mliojiunga mwaka huu, karibuni sana. Nimewatazama mkisimamia foleni ya darubini, na makosa ni yaleyale tunayoyaona kila tunapopokea wanachama wapya. Nayaandika kabla ya usiku ujao wa shule, maana klabu hii ya kujitolea ina kazi moja kubwa: mtu ambaye hajawahi kutazama ndani ya darubini aondoke ameona kitu kwa jicho lake. Kusikia habari za Zohali anaweza hata redioni. Michango, zamu za kubeba vifaa na daftari letu vipo kwa ajili ya jicho hilo.

1. Foleni ya "nimeona"

Hili ndilo linaloniuma zaidi, na wakongwe tumelifanya kabla yenu. Mtoto anapanda stuli, anainama sekunde tatu, anasema "nimeona", anashuka. Wewe unaita anayefuata. Wamepita 40 hivyo, halafu unaweka jicho lako na sayari haimo. Imetoka zamani. Watoto wote wa nyuma wametazama giza tupu, na kila mmoja amesema ameona, kwa sababu wa mbele yake alisema hivyo, na kwa sababu mtoto aliyelelewa kwetu hamwambii mkubwa kwamba chombo chake hakionyeshi kitu. Watu wazima nao hufanya vivyo hivyo kwa heshima. Wanarudi nyumbani wakiamini kwamba anga ni mambo ya watu wengine. Hapo kazi yetu yote ya usiku ule imepotea, na hakuna aliyelalamika.

Sababu ni hesabu. Darubini yetu ya aina ya Dobsonian ina kioo chenye upana wa milimita 200 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo mpaka mwanga unapokusanyika) wa milimita 1,200. Ukiweka lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia, ya milimita 10, unakuza mara 120, na sehemu ya anga unayoiona ni ndogo kuliko upana wa Mwezi mpevu. Anga nalo linahama upana wa Mwezi mmoja kila dakika 2. Sayari uliyoiweka katikati inafika ukingoni kwa sekunde 50 hivi. Hao ni watazamaji wawili, kama hakuna aliyeshika bomba la darubini ili asianguke.

Kwa hiyo anzeni na lenzi ya milimita 25. Inakuza mara 48, uwanja wa kuona unakuwa kama Miezi miwili ikiwa ubavu kwa ubavu, na miezi minne mikubwa ya Mshtarii inaonekana vizuri kabisa. Msiiweke sayari katikati. Iwekeni karibu na ukingo inakoingilia ili ivuke uwanja wote. Hata hivyo, chungulieni wenyewe kila baada ya watu wawili. Lenzi ya 10 ni ya wale wanaorudi mara ya pili.

Kisha ulizeni swali ambalo jibu lake halipatikani kwa kumsikiliza wa mbele. Kwa Mshtarii: "Umeona vinukta vingapi, na viko upande gani?" Kwa Zohali, mwambie akuchoree kiganjani kwa kidole. Mtoto aliyeiona atachora duara na kukikata kiganja chako kwa mstari, bila kusita. Asiyeona atakutazama usoni. Huyo mrudishe kwenye lenzi kwa upole, wala usipaze sauti wengine wakasikia.

Kwa Mwezi kuna njia rahisi zaidi. Simama pembeni uutazame uso wa anayechungulia. Kwa lenzi ya 25, mwanga unatoka kama duara dogo la milimita 4 hivi. Ukiliona shavuni au juu ya kope, haoni chochote. Msogeze kichwa taratibu mpaka lizame ndani ya mboni. Mara nyingi hapo utamsikia akivuta pumzi kwa mshangao, na swali halina haja tena.

Mwekeeni kiti chenye mgongo ashike hicho, aache bomba. Mwenye miwani ya kawaida aivue na umwonyeshe jinsi ya kuzungusha fokasi. Mhesabieni kila mtu dakika nzima: darubini moja ni watu 60 kwa saa. Shule ikileta wanafunzi 200 kwa saa 2, darubini moja haitoshi, na mwalimu mkuu aambiwe hivyo mapema. Mwenzenu mmoja akae na wanaosubiri, awaonyeshe Kilimia na Salibu, makundi mawili ya nyota, kwa macho matupu.

2. Jua

Hapa sina subira na mtu. Kichungi cha Jua kinakaa mbele ya bomba, mwanga unakoingilia. Vile vioo vyeusi vya kuskurubu kwenye lenzi ya jicho, vinavyokuja na darubini za zamani, hupasuka kwa joto, vitupeni. Kabla ya kufunga kichungi, kikagueni kwa kukiinua kuelekea taa kali: kitundu kimoja kinatosha kukikataa. Kifungeni kwa utepe wa gundi, upepo usikipeperushe. Darubini ndogo ya kulengea ing'oeni kabisa, kwa sababu huwa tunaisahau, nayo inachoma jicho kama ile kubwa. Na mtu mmoja asiondoke hapo, hata kwenda kunywa maji.

Wanaotusaidia kutafuta mwezi mwandamo pia wasikie: msiinue binokula upande wa magharibi mpaka Jua lote lizame. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kikamilifu Misri, Saudia, Yemen na kwenye ncha ya Somalia, na huku kwetu tutaona sehemu yake tu. Sehemu tu maana yake kichungi hakitoki hata dakika moja.

3. Misaada ya kitako cha ikweta

Kitako hicho ni stendi ya darubini inayozunguka kwa mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka. Msiipokee misaada hiyo bila kuuliza. Nairobi ncha ya anga iko kwenye upeo wa macho, Dar es Salaam iko nyuzi 7 tu juu yake, na vitako vingi vya aina hiyo haviinami chini kiasi hicho. Kitako cha mbao cha Dobsonian hakijali uko wapi. Kina jina la John Dobson, mmoja wa waliounda mwaka 1968 kikundi cha kuonyesha anga kando ya barabara za San Francisco, watu wa foleni kama sisi.

4. Taa nyekundu tu, simu mfukoni. Jicho linahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza.

5. Kioo msikifute kwa kanga wala kwa shati. Kwenye mwambao, msifunge vifuniko kukiwa na umande ndani, kuvu itaingia.

6. Pete za Zohali zilitugeukia ubavu Machi 2025 na bado ni nyembamba. Zinafunguka mwaka hadi mwaka, lakini msiwaahidi watoto picha ya kitabuni.

7. Daftari

Tumezoea kuandika tarehe, hali ya mawingu na idadi ya watu. Kuanzia usiku ujao kutakuwa na safu mbili za watu: waliopita, na waliojibu swali. Mtakaokuwa kwenye lenzi mtaniitia idadi ya safu ya pili.