Barua kwa Mwanangu: Gari la Miamba Litakalobeba na Watoto

Nakuru

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama ile Hilux dabo kabini ya dizeli mliyoinunua huko Kisumu, yenye ekseli nzima mbele na nyuma, inaweza kujengwa iwe gari la mashindano ya kupanda miamba, na bado iwabebe watoto Jumapili. Unauliza pia muanze na nini kati ya injini kubwa, matairi ya inchi 37 na kuinua bodi kwa inchi 6.

Inawezekana. Lakini katika hayo matatu hakuna hata moja la kuanza nalo. Anza na gia ya chini, ufuate keji, yaani fremu ya mabomba inayowalinda mliomo ndani gari likipinduka, kisha viti na mikanda. Gari la familia na gari la mashindano vinagombana kwa mengi, ila kwa hili vinapatana: yote mawili yanataka kwenda polepole na kukaa chini. Kila shilingi inayokwenda kwenye urefu na mbio inawaibia watoto na inakuibia ushindi.

Nieleze hesabu ya gia, kwa sababu ndiyo moyo wa gari. Chukua uwiano wa gia ya kwanza, uzidishe kwa ule wa transifa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, ikiwa kwenye lo (gia za polepole), uzidishe tena kwa wa difu, zile gia za katikati ya ekseli. Kwa Hilux za aina yako ni kama 3.95 mara 2.28 mara 4.1, yaani karibu 37. Injini huzunguka mara 37 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Ikiwa saileni yako, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, ni mizunguko 750 kwa dakika na tairi ni la inchi 33, gari litakwenda kilomita 3.2 hivi kwa saa bila kugusa mafuta. Unaona ni polepole, lakini juu ya jiwe lenye ukingo ni mbio. Dereva atakanyaga klachi, gari litarudi nyuma, atakanyaga mafuta kulizuia, na hapo ndipo shafti hukatika. Ukitia gia za transifa za 4.7, hesabu inapanda hadi 76 na mwendo unashuka hadi kilomita moja na nusu kwa saa. Mguu unatoka kwenye klachi na gari linatambaa lenyewe. Uzuri mwingine ni kwamba gia za hai, zile za barabarani, hazibadiliki, kwa hiyo barabara ya Kakamega itakuwa ile ile. Hakikisha tu transifa yako ni ya gia, si ya mnyororo, na kabla ya kuagiza hesabu meno ya shafti inayoingia: kuna ya 21 na kuna ya 23, na hayaingiliani.

Difu usiziamini kwa maneno ya aliyekuuzia. Magari haya yameshabadilishwa vipuri mara nyingi. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela, ile shafti ndefu inayoingia kwenye difu, kisha mwambie mumeo mzungushe matairi yote mawili pamoja, mara kumi kamili. Propela ikizunguka mara 41, difu ni 4.1, ikizunguka 43, ni 4.3. Fanya hivyo hivyo mbele. Zikitofautiana, hata kidogo namna hiyo, ukiingiza fo-wili kwenye mwamba mkavu ekseli zitavutana mpaka kitu kikubali kukatika, na mara nyingi ni kitu cha bei.

Sasa urefu. Gari lenye upana wa mita 1.5 kati ya katikati ya tairi na tairi, uzito wake ukikaa sentimita 75 kutoka chini, kwa hesabu hupinduka likilala kwa nyuzi 45. Ongeza sentimita 10 tu kwenye urefu wa huo uzito na mpaka unashuka hadi nyuzi 41. Hapo sijahesabu springi zinavyolalia upande, wala tairi linavyobonyea, wala keria ya juu yenye jeriken na mizigo ya watoto. Kwa hiyo matairi ya 33, springi zilizoinuliwa inchi 2, na madigadi yaliyokatwa vizuri yakakunjwa ukingo. Ukitaka nafasi zaidi kata bati, usiinue gari. Keria ya juu iondoke kabisa; spea na jeki vishuke nyuma ya ekseli, chini kadiri inavyowezekana.

Ukishainua hata hizo inchi mbili, kuna kitu mafundi wengi hukisahau. Nyuma ya Hilux kuna valvu ya breki iliyofungwa kwa fimbo hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: gari likilemewa na kushuka, valvu inaruhusu breki nyingi nyuma, likiwa juu, inapunguza. Springi zikiinuka, valvu inadhani gari ni tupu daima, na breki za nyuma zinakuwa hafifu hata ukiwa umebeba watu watano mkiteremka Timboroa. Pandisha kile kibano cha fimbo kwa kiasi kile kile ulichoinua gari. Halafu ning'iniza ekseli kabisa, jeki ikiwa chini ya chesisi, utazame hozi za breki. Zikikaza kama kamba, nunua ndefu. Zipapase pia usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kushoto na kulia.

Keji ndiyo sehemu nitakayoisemea kwa ukali. Mafundi wa jua kali pale Kibuye wanachomelea vizuri, lakini watakachochomelea ni kile utakachowapelekea. Usipeleke bomba la maji. Lile lina mshono kwa ndani, ukuta wake haulingani, na ile rangi ya fedha ni zinki: ikichomwa inatoa moshi wa sumu na kuacha vitundu ndani ya mshono. Tafuta bomba la chuma lisilo na mshono, lililovutwa baridi. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka tao kuu, lile la nyuma ya vichwa vya dereva na mwenzake, liwe na kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2. Mabomba mengine yanaweza kuwa 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Mkunjo uwe mpana, nusu kipenyo chake isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba. Ukiona bomba limebonyea ndani ya kona, hilo si la kusawazisha kwa nyundo, ni la kutupa.

Gari lako lina viti vya nyuma, kwa hiyo keji isiishie nyuma ya dereva kama zile za magari ya watu wawili. Weka tao la tatu nyuma ya vichwa vya watoto, liunganishwe na tao kuu kwa mabomba mawili juu na msalaba katikati. Miguu isisimame kwenye bati la sakafu peke yake, maana gari likipinduka mguu hutoboa sakafu na keji nzima inashuka. Chini ya kila mguu weka sahani ya chuma ya milimita 3, yenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, na bolti tatu za M8 za gredi 8.8 kwa uchache. Bora zaidi mguu ushuke hadi kwenye chesisi. Kila mahali kichwa kinapoweza kufika, hata kwa kunyooka tu, funga povu gumu la keji. Sponji ya godoro inabonyea kabla haijafanya kazi, na kichwa kinakuta chuma.

Umeuliza kuhusu watoto wenyewe, mmoja wa miaka minne na mmoja wa tisa. Siku ya mashindano hawaingii ndani ya gari. Siyo suala la kujadili. Siku za matembezi wanaingia, kwa masharti. Wa miaka minne anakaa kwenye kiti chake cha mtoto, kilichofungwa kwa mkanda wa pointi tatu. Wa tisa anakaa juu ya kiti cha kuinulia mpaka mkanda umpite begani na nyongani, si shingoni na tumboni. Msiwafunge mikanda ya mashindano ya watu wazima, mifupa ya nyonga zao bado haiwezi kuishikilia, na mkanda huteleza hadi kwenye tumbo. Bolti za mikanda ni za inchi 7/16, uzi mwembamba, na nyuma ya bati pawe na sahani. Dereva na mwenzake ndio wavae mikanda ya mabega mawili yenye kipande cha kati ya mapaja. Mikanda ya mabega ielekee nyuma karibu sawasawa, ikishuka kidogo tu. Ukiifunga sakafuni nyuma ya kiti inavuta uti wa mgongo kwenda chini.

Madirishani weka wavu. Mtu gari linapolala upande, mkono hutoka nje wenyewe kuzuia, na hapo ndipo mikono huvunjika. Mtoto hata ukimwonya asubuhi yote, mkono utatoka.

Kwa kuwa injini ni dizeli, jua hili pia. Ikipinduka ikiwa inanguruma, inaweza kuanza kunywa oili yake yenyewe kupitia kwenye njia ya hewa, na hapo kuzima ufunguo hakusaidii kitu. Inaendelea kupanda mizunguko mpaka ijiue. Weka mlango wa kufunga hewa kwenye bomba la kuingizia, na waya wake ufike mahali dereva na mwenzake wote wawili wanaweza kuuvuta wakiwa wamefungwa mikanda. Mkishaligeuza gari, msipige stata. Fungueni plagi za moto, zungusheni injini kwa mkono mtoe oili iliyoingia kwenye silinda, la sivyo fimbo ya pistoni itapinda. Betri ifungwe kwa chuma, si kwa mpira wa tyubu.

Difu loku, ile inayofunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja: anza na ya nyuma. Ya mbele ingoje mpaka ujue gari. Ekseli ya mbele ya Toyota ina jointi ndani ya lile tufe kubwa karibu na gurudumu, na jointi ile hufa kwa njia moja: usukani umekatwa hadi mwisho, difu imefungwa, na mguu uko kwenye mafuta. Nyoosha usukani kwanza, ndipo ukanyage. Beba moja ya akiba na grisi. Kila baada ya siku ya miamba kagua nati za mkono wa usukani pale juu ya hilo tufe. Huanza kulegea kidogo kidogo, na ile michubuko ya kutu nyekundu kuzunguka wosha ndiyo dalili ya kwanza.

Kuhusu matairi, mawe ya kwenu na ya kwetu si ndugu. Huko Maragoli na Bunyore ni mawe ya itale, makubwa, ya mviringo, yenye uso wa kukwaruza. Hapo shusha upepo hadi psi 14 au 15 kwa rimu za kawaida, na tairi litajikunja na kushika vizuri ajabu. Ukija upande huu wa Menengai na Eburru, mawe ni ya volkano, na Eburru kuna yale meusi kama kioo yanayokata ubavu wa tairi kama wembe. Huku usishuke chini ya 18, na upite ukiangalia ubavu, si meno ya tairi. Chini ya psi 10 usiende popote bila rimu za kufunga ukingo wa tairi, kwani tairi litavuka nje ya rimu mkiwa mmelala upande, na hapo ndipo pabaya kuliko pote.

Winchi haina mengi. Zidisha uzito wa gari likiwa na watu na mizigo kwa moja na nusu. Kwa kilo 2,300 unapata 3,450, kwa hiyo ile ya ratili 9,500 inatosha na kubakiza. Nguvu hiyo iliyoandikwa ni ya safu ya kwanza ya kamba kwenye ngoma tu. Nunua kamba ya sintetiki ya winchi badala ya waya, na watoto wakae mbali zaidi ya urefu wa kamba iliyonyooshwa.

Ukifikiria Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya porini hapa Kenya, nayo nzuri kulenga, maana fedha zake hujenga uzio wa misitu, ukiwemo wa Mau Eburu hapa kwetu. Pale mshindi si mwenye mbio. Una saa 10 za kufika vituo 13 kwa umbali mfupi kuliko wenzako, na gari linalotambaa bila kuvunjika hufika mahali lile la V8 linapobaki na ekseli mkononi. Pata kanuni za mwaka unaotaka kushiriki kabla ya kukata bomba hata moja, kwa kuwa keji ikishachomelewa kwa kipimo pungufu hairekebishiki. Na kwa ajili ya barabarani, bodi ikibadilika ipelekwe kukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na mwenye bima aambiwe kwa maandishi.

Kwa sasa usinunue kitu. Nipimie umbali kati ya katikati ya tairi la kushoto na la kulia, mbele na nyuma, unihesabie zile difu kwa chaki, na upige picha ya ile fimbo ya valvu ya breki pamoja na plati ya chesisi. Vikifika nitakuchorea tao la nyuma kwa vipimo vya kabini yako, mpeleke Kibuye mkiwa na karatasi mkononi.

Nisalimie mumeo, na wajukuu wangu wote wawili.

Ni mimi,
Baba