"In" ni kielezi au kihusishi?

Swali: Assalamu alaykum, mwalimu. Mimi ni nahodha hapa Lamu, napakia wageni kwenda Shela na Manda. Shuleni tulifunzwa kuwa "in" na "on" ni vihusishi. Juzi binti yangu karudi na daftari, mwalimu wake ameandika kwamba "in" katika "Come in" ni kielezi. Neno moja laweza kuwa vyote viwili?

Jibu: Wa alaykum salaam, nahodha. Laweza, na mwalimu wa binti yako amesema kweli. Tazama kazi ya neno, usitazame sura yake. Ukimwambia mgeni "Sit in the boat", "in" limeshika nomino, "the boat", basi ni kihusishi. Ukisimama mlangoni ukasema "Come in", halikushika nomino yoyote. Linakieleza kitenzi tu, na hicho ni kielezi.

Kinachotutatiza sisi ni kwamba Kiswahili hukitia kielezi hiki ndani ya kitenzi chenyewe. Ingia, toka, panda, shuka: mwelekeo umo humo humo. Mwingereza naye huchukua kitenzi chepesi, akakiongezea kielezi: "go in", "come out", "go up", "get down". Anayesema "enter inside" amesema mara mbili, kwani "enter" ni ingia, imekwisha.

Pana mtego hapa, na nakuomba ukae nao kidogo. Mgeni akishuka gatini unamwambia "Put on the life jacket". Nomino imefuata, lakini "on" si kihusishi! Weka "it" mahali pa nomino: "Put it on". Umeona, "on" limesogea nyuma. Sasa jaribu "Sit on the mat". Utasema "Sit on it", kamwe hutasema "Sit it on". Kielezi huhama, kihusishi hakimwachi mwenzake.

La mwisho ni lile -ni letu. Kwetu sisi, "sokoni" na "nyumbani" ni mamoja, ila Kiingereza husema "go to the market" kwa kihusishi, na "go home" bila "to", kwa kuwa "home" hapo ni kielezi chenyewe, sawa na "here" na "there". Basi jioni ukishafunga mashua, mgeni akikuuliza waenda wapi, mjibu "I'm going home".