Mzee hajachanganyikiwa, mguu uliokatwa huwasha kweli

Pole sana mkuu. Umeuliza kama baba yako ameanza kuchanganyikiwa, maana mguu ulikatwa kwa sababu ya kisukari na bado kila usiku anaomba akunwe vidole. Hajachanganyikiwa. Na msimwambie tena kwamba mguu haupo. Hilo analijua kuliko nyie wote.

Mimi mkono wa kushoto ulikatwa chini ya kiwiko mwaka 2015, baada ya kusagwa kati ya mitumbwi miwili pale Mwaloni Kirumba, mwalo wa samaki Mwanza, siku ya mawimbi. Kilichonitesa baadaye si kidonda, ni ngumi. Ajali ilinikuta nimeshika kamba, na ule mkono usiokuwepo ukabaki umeing'ang'ania, kucha zinachimba kiganja. Nilinyamaza miezi kadhaa, nikihofia nitaambiwa nimerogwa.

Aliyenielewesha ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Ngozi hupeleka taarifa tu. Hisia yenyewe huundwa ubongoni, ambako mwili wote una ramani yake, wa kushoto ukisomwa na ubongo wa kulia. Daktari wa upasuaji wa ubongo Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, aliichora miaka ya 1930, akigusa kwa umeme ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho: hapa mtu anahisi kidole gumba, pale mdomo. Ukikatwa kiungo, ramani inabaki. Na eneo la mkono limepakana na la uso. Asubuhi nikinawa maji ya ziwa, baridi ya shavu la kushoto naisikia pia kwenye kidole gumba nilichokwisha kukizika. Siku ya kwanza nilikaa mchangani nikalia.

Kilichonisaidia ni kioo. Unakisimamisha wima, kigutu nyuma yake, mkono mzima mbele, macho kwenye kioo. Nilikunja ngumi ya kulia, nikaifungua taratibu, nikauona "wa kushoto" ukifunguka. Dakika 15 kila jioni. Wiki ya tatu kamba ikaachia. Kwa mguu, mzee akae amenyoosha, kioo kiwe katikati.

Si wote kinawafaa, na zipo dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, kwa hiyo mrudisheni kliniki. Wakikague na kigutu chenyewe, pamoja na mguu uliobaki, kisukari hakina mchezo. Leo usiku akiamka, muulize ni kidole kipi kinawasha, kisha umsugue kigutu polepole. Mimi mke wangu alianza hivyo.